Kuruti, Kufungua Butiloda, Kubadilisha Romu: Mambo Matatu Yanayochanganywa

Simu kuukuu ikianza kukataa programu, ushauri unaotolewa kibarazani, kwenye kundi la WhatsApp la familia au na kijana mjuzi wa mtaani huwa mmoja: "Iruti tu." Ikijaa, iruti. Ikiwa nzito, iruti. Umesahau nenosiri la akaunti ya Google, iruti. Imetoka Marekani na haisomi laini ya hapa, iruti pia. Neno moja limebebeshwa kazi tano au sita zisizofanana, na watu wanapoteza picha za watoto wao, namba ya IMEI (utambulisho wa simu kwenye mtandao) na wakati mwingine simu yenyewe, kwa kufanyiwa kazi ambayo hawakuwa na haja nayo.

Nazungumzia simu za Android hapa. iPhone ina habari yake tofauti.

Tuanze na maneno yenyewe. Kuruti ni kujipatia mamlaka ya juu kabisa ndani ya mfumo uliomo kwenye simu tayari. Butiloda ni programu ndogo inayotangulia kuiwasha simu, na kuifungua ni kuiruhusu simu iwake kwa mfumo ambao haukusainiwa na kiwanda. Romu ni mfumo mzima unaoiendesha simu, na kuibadilisha ni kuuondoa mfumo wa kiwanda na kuweka mwingine uliotengenezwa na watu wengine. Katika simu za leo, kufungua butiloda ndiko kunakotangulia mengine mawili. Lakini simu yenye romu ya kiwanda inaweza kurutiwa, na simu yenye romu mpya kabisa inaweza kubaki bila kurutiwa. Ukishika hilo, nusu ya mkanganyiko imeisha.

Ichukulie simu kama nyumba ya kupanga yenye vyumba vingi. Kila programu ni mpangaji mwenye chumba chake, na Facebook haina ufunguo wa chumba cha benki. Wewe mwenyewe uliyetoa fedha dukani nawe ni mpangaji: una chumba kikubwa, unaweza kumkaribisha au kumfukuza mpangaji fulani, lakini funguo kuu zimebaki kwa kampuni iliyoitengeneza simu. Kuruti ni kupata funguo zote za nyumba. Butiloda ni mlinzi wa getini, ambaye kila simu inapowashwa hukagua muhuri wa mwenye nyumba kabla ya kuruhusu mfumo uingie. Kubadilisha romu ni kuhamisha uongozi wote wa nyumba na kuleta mwingine wenye kanuni zake.

Kwa lugha ya fundi, Android imejengwa juu ya keneli, yaani kiini cha mfumo, ya Linux, na Linux humpa kila mtumiaji namba. Android huipa kila programu namba yake, ndiyo maana moja haiwezi kusoma mafaili ya nyingine. Namba 0 ni ya mtumiaji mkuu, anayeitwa root, ndiko neno kuruti lilikotoka, na mfumo haumkatazi jambo. Simu ya kwanza ya Android kuuzwa, HTC Dream, iliingia sokoni Marekani mwezi Oktoba 2008 kwa jina la G1. Haikumaliza majuma mengi kabla watu hawajagundua kosa la ajabu: kila kilichoandikwa kwenye kibodi yake kilikuwa kikipelekwa kimyakimya kama amri kwa namba 0. Ukiandika neno "reboot" na kubonyeza kitufe cha kuingiza, simu inajizima na kujiwasha. Google ililiziba tundu hilo haraka, na tangu hapo imekuwa vuta nikuvute kati ya wanaotafuta matundu na wanaoyaziba.

Zamani tundu lilitosha. Mwaka 2014 mdukuzi George Hotz alitoa Towelroot, programu iliyotumia udhaifu wa keneli ya Linux kuruti simu nyingi za wakati huo, ikiwamo Galaxy S5, kwa mguso mmoja. Enzi hiyo imepita kwa simu nyingi zinazouzwa sasa. Kifaa kinachotumika zaidi leo ni Magisk, kilichoanzishwa na msanidi programu John Wu mwaka 2016. Badala ya kugusa sehemu ya mfumo, Magisk hurekebisha faili la kuwashia simu, na ili simu ikubali faili hilo lililorekebishwa, lazima butiloda iwe imefunguliwa kwanza. Kwa hiyo ukikuta programu inayoahidi kuruti simu mpya kwa kubonyeza mara moja, bila kompyuta na bila kufuta chochote, usiisakinishe. Ama haifanyi kitu, ama inafanya kitu ambacho hukukiomba.

Na hatari hiyo si ya kufikirika. Machi 2011 programu zaidi ya 50 ziliondolewa kwenye soko rasmi la Android baada ya kubainika kuwa zimebeba kirusi kilichoitwa DroidDream. Kirusi hicho kilikuwa kikiiruti simu chenyewe, mwenye simu akiwa hana habari, kisha kikichota taarifa zake. Funguo zilezile zinazokupa uhuru humpa mwizi uhuru uleule. Magisk hukuuliza kila programu inapoomba mamlaka hayo, na usalama wako wote unakaa kwenye kidole kinachobonyeza "ruhusu".

Ukishakuwa nayo, root inakusaidia nini? Unaweza kufanya nakala kamili ya programu pamoja na data zake, kuzuia matangazo ndani ya programu zote, kung'oa kabisa programu zilizokuja na simu, kupunguza kasi ya prosesa ili betri idumu, na kuhariri mafaili ya mfumo. Hayo ni mambo ya maana kwa anayeyahitaji. Lakini root haikupi toleo jipya la Android. Haiongezi RAM. Haifanyi simu iwe nyepesi kwa yenyewe. Ile inayokuwa nyepesi baada ya kurutiwa mara nyingi imepata nafuu kwa sababu ilifutwa kila kitu ilipofunguliwa butiloda, na nafuu hiyo ungeipata kwa kuirejesha kwenye hali ya kiwandani bila kuruti.

Haiondoi pia loki ya mtandao. Simu iliyofungwa kwa kampuni moja ya simu ya ng'ambo hufunguliwa kwa msimbo au kwa ruhusa ya kampuni hiyo. Wala kinga ya akaunti ya Google, iliyokuja na Android 5.1 mwaka 2015, haihusiani na kuruti: hiyo huwekwa ili mtu aliyeiba simu na kuifuta asiweze kuitumia bila akaunti ya mwenyewe. Fundi anayeziita kazi zote hizi "kuruti" huenda anajua kazi yake vizuri, ila wewe unayelipa unastahili kujua unalipia ipi.

Sasa turudi kwa mlinzi wa getini, maana hapo ndipo watu wengi huumia. Kufungua butiloda kwa njia rasmi hufuta data zote za simu. Watu hudhani ni adhabu ya kampuni. La hasha. Kama isingekuwa hivyo, yeyote anayeokota simu yako angeifungua butiloda, akaingiza mfumo wake na kuanza kutafuta njia ya kufikia mazungumzo yako. Kufutwa ni kwa faida yako, lakini kutakuuma ukiwa hujajiandaa. Hifadhi picha, majina, nakala ya WhatsApp, na kitu ambacho wengi hukisahau: misimbo ya programu za uthibitisho wa hatua mbili. Ukiipoteza hiyo unaweza kufungiwa nje ya barua pepe yako mwenyewe.

Je, kila simu inakubali kufunguliwa? Hapana, na hili ulijue kabla ya kununua simu. Pixel za Google zilizouzwa bila kufungwa na mtandao hufunguka kwa urahisi. Xiaomi kwa miaka mingi imemtaka mwenye simu aombe ruhusa kupitia akaunti yake na kusubiri, mara nyingi saa 168, na masharti yamezidi kukazwa. Huawei iliacha kutoa misimbo ya kufungulia mwaka 2018. Samsung nyingi zilizouzwa na kampuni za simu za Marekani zimefungwa moja kwa moja. Na Samsung ina jambo jingine: simu zake zenye Knox, mfumo wake wa ulinzi, tangu mwaka 2013, zina fyuzi ndogo ya kielektroniki ambayo huungua pale unapoingiza mfumo usio rasmi. Ikishaungua haiunganiki tena, hata ukirudisha romu ya kiwanda. Folda Salama na malipo ya Samsung hugoma kwenye simu hiyo moja kwa moja, na dai lako la waranti linakuwa gumu.

Tecno, Infinix na itel, simu zilizojaa mikononi mwa watu wetu, zina tatizo la aina yake. Butiloda inaweza kufunguka, lakini romu zilizotengenezwa mahususi kwa ajili yao ni chache. Kinachobaki ni romu za jumla, zilizowezekana baada ya Google kutenganisha mfumo na sehemu za watengeneza vifaa kuanzia Android 8 mwaka 2017. Romu ya jumla inaweza kuwaka vizuri kabisa, kisha ukakuta kamera haifanyi kazi, au redio imenyamaza, au alama ya kidole haisomeki.

Habari ya romu yenyewe inapendeza, na naipenda zaidi kuliko ya kuruti, kwa sababu imeokoa simu nyingi zisiishie jalalani. Mwaka 2009 msanidi programu Steve Kondik alianza kutoa romu aliyoiita CyanogenMod. Android ni mradi wa wazi, yeyote anaweza kuchukua msimbo wake na kuujenga upya. Septemba mwaka huohuo Google ilimwandikia kumtaka aache kusambaza programu za Google ndani ya romu yake, kwa kuwa Play Store, Gmail na Ramani si sehemu ya msimbo ule wa wazi. Ndiyo sababu hadi leo ukiweka romu ya namna hii unaikuta haina Play Store, na unaiongeza kwa faili la pembeni. Mwishoni mwa mwaka 2016 kampuni iliyokuwa imezaliwa kutokana na mradi huo ilifunga huduma, na wasanidi wakauendeleza kwa jina la LineageOS. LineageOS haiji na root. Wengi hushangaa kusikia hivyo.

Tazama faida yake kwa mfano halisi. Galaxy S III ya mwaka 2012, ile yenye alama GT-I9300, Samsung iliiachia kwenye Android 4.3. WhatsApp ilipoacha kuhudumia Android za chini ya toleo la 5, simu hiyo ilibaki nje. Lakini LineageOS 14.1, iliyotokana na Android 7.1, ilitolewa kwa ajili yake. Mwenye S III aliyehitaji WhatsApp alihitaji romu. Kuiruti na kuiacha na Android 4.3 kusingemsaidia hata kidogo. Kasi nayo tusidanganyane: prosesa na RAM ni zilezile za 2012, na mfumo mpya unaweza kuzilemea.

Hapo hapo kuna mtego ulioua simu nyingi: jina la dukani si jina la simu. Galaxy S5 ya mwaka 2014 ilitoka kwa namna kadhaa. SM-G900F ina prosesa ya Snapdragon, na ilipata LineageOS hadi toleo la 18.1, yaani Android 11. SM-G900H, iliyouzwa pia katika nchi za Afrika, ina prosesa ya Exynos ya Samsung yenyewe. Ukizilaza mezani ni mapacha, ila ndani hazina undugu, na romu ya moja haifai kwa nyingine. Soma namba ya modeli kwenye Mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, si kwenye boksi wala kwenye kumbukumbu ya muuzaji, na uilinganishe herufi kwa herufi na ile iliyoandikwa kwenye ukurasa wa romu.

Ikikosewa, je? Mara nyingi simu huganda kwenye nembo au kujizima na kujiwasha bila kukoma. Hiyo haijafa. Kama inaingia kwenye hali ya kuflashia, yaani ya kuingiziwa romu kutoka kwenye kompyuta, romu sahihi ya kiwanda huirudisha: Odin hutumika kwa Samsung, Fastboot kwa Pixel na nyingine nyingi, na SP Flash Tool kwa zenye prosesa ya MediaTek. Iliyokufa kweli ni ile isiyowaka wala kutambuliwa na kompyuta, na hutokea zaidi pale mtu alipoharibu butiloda yenyewe, kwa mfano kwa kurudisha toleo la zamani kwenye simu isiyoruhusu kurudi nyuma. Halafu kuna ile hali ya katikati inayoumiza moyo: simu inawaka vizuri lakini haina mtandao, kwa kuwa sehemu inayotunza IMEI imefutwa. Kwenye MediaTek hili hutokea mtu akichagua kufuta kila kitu ndani ya SP Flash Tool. Kabla ya jambo lolote, bonyeza *#06#, andika namba zako za IMEI, na mwombe fundi afanye nakala ya sehemu hiyo.

Usikubali suluhisho la kuandikiwa IMEI nyingine. Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kubadili IMEI kuwa kosa la jinai, na Kenya nako ni kosa. Juni 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, ilizima simu bandia kwa kutumia namba hizohizo. Kuruti simu uliyoinunua ni jambo tofauti na hilo. Marekani, mwaka 2010, mamlaka ya hakimiliki iliruhusu rasmi wenye simu kuondoa vizuizi vya programu kwenye simu zao. Simu ya mkopo, unayoilipia kidogokidogo, ni habari nyingine tena: mpaka umalize deni, kuichezea mfumo ni kuvunja mkataba.

Sasa swali ambalo kwetu naliona zito kuliko yote: fedha. Simu zetu ndizo pochi zetu. Google inatoa huduma ya ukaguzi iitwayo Play Integrity, iliyochukua nafasi ya SafetyNet, na programu ya benki inaweza kuitumia kuuliza: simu hii ina muhuri wa kiwanda, na butiloda imefungwa? Jibu likiwa hapana, programu inaweza kukataa kufunguka. Angalia vizuri: swali linahusu butiloda pia. Hata bila kuruti, romu safi kwenye butiloda iliyo wazi inaweza kukunyima programu ya benki. Wapo wanaotumia vinyago vya kuficha hali hiyo, na vinafanya kazi kwa muda, lakini mwaka 2025 Google ilikaza tena ukaguzi kwa simu za Android 13 na kuendelea kwa kudai uthibitisho unaotoka kwenye chipu yenyewe. Simu unayopokelea mshahara isitegemee kinyago kinachoweza kuvuliwa usiku mmoja.

Kilicho salama ni huduma za kupiga namba. M-Pesa kwa *150*00# Tanzania au *334# Kenya hupita kwenye laini na mtandao wa simu, haiulizi habari za butiloda. Programu ya M-Pesa na programu za benki ndizo zinazoweza kugoma. Netflix nayo, kwenye baadhi ya simu, hushuka ubora wa picha baada ya butiloda kufunguliwa.

Ndiyo maana ushauri wangu kwa anayeanza ni kutumia simu ya pili, ile iliyolala kabatini. Na kabla ya hapo, angalia kama unachotaka hakipatikani bila root kabisa. Kuzuia matangazo mengi kunawezekana kwa DNS ya faragha (huduma inayotafuta anwani za tovuti), iliyomo kwenye Mipangilio tangu Android 9. Programu zilizokuja na simu zinaweza kuondolewa kwa mtumiaji wako kwa kutumia kompyuta na ADB, zana ya kuipa simu amri kupitia waya, ukiandika pm uninstall --user 0 na jina la kifurushi. Zinarudi ukiirejesha simu kwenye hali ya kiwandani, kwa hiyo kosa halidumu.

Ukiamua kuendelea, chaji betri ipite nusu, tumia waya wa USB unaopitisha data vizuri, pakua romu ya kiwanda ya modeli yako kabla hujapakua hiyo mpya, na soma mwongozo wote hadi mwisho kabla ya kugusa kitu. Baada ya kuruti, usikubali sasisho la kiwanda kwa mazoea; linaweza kushindwa, kuondoa root au kuigandisha simu kwenye nembo.

Ukitaka kurudi ulikotoka, rudisha kwanza romu kamili ya kiwanda, iwashe, hakikisha inafanya kazi, ndipo uifunge butiloda. Ukiifunga wakati mfumo uliobadilishwa bado umo, mlinzi ataukataa mfumo huo na simu inaweza kukataa kuwaka kabisa. Romu ya GrapheneOS kwenye Pixel ni tofauti hapa, kwa kuwa Pixel inakubali kufungwa tena kwa muhuri wa mtengenezaji wa romu.

Na kwa anayenunua simu ya mtumba: izime na uiwashe mbele ya muuzaji. Simu nyingi zilizofunguliwa butiloda huonyesha onyo kabla ya nembo kwamba mfumo hauwezi kuthibitishwa. Kisha fungua programu ya benki yako palepale dukani. Ikigoma, mwambie airudishe romu ya kiwanda na kufunga butiloda kabla hujatoa fedha. Na kama ni Samsung ambayo fyuzi ya Knox imeungua, bei yake ishuke, kwa sababu hilo hakuna fundi anayeweza kulirudisha.